Kinga za makala na flashi moja: shajara ya mradi, Lubumbashi 2024

Jumapili 2 Juni 2024: ninachotafuta

Kila asubuhi jua halijatoka bado, wanaume wa makala wanaingia L'shi, yani Lubumbashi, kwa njia ya Kasenga wakisukuma kinga, yani baiskeli, mifuko mitatu mine imefungwa nyuma na mingine juu yake mpaka ukimwangalia mtu kwa nyuma humuoni, unaona mifuko inatembea yenyewe. Mji mzima unapikia bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) kwa makala hayo. Foto zao ziko nyingi lakini karibu zote ni za mchana, jua kali, mtu amesimama anatazama apareyi, yani kamera. Mimi nataka ule uzito unavyotembea. Uso na mikono ya mtu vionekane wazi kabisa, na mifuko na magurudumu viache mchirizi nyuma yake.

Hiyo kitu bila flashi haipatikani. Naandika hapa ili mtu mwingine wa Kolwezi au Bukavu au popote mwenye flashi moja ya bei ndogo aweze kufuata, na asipoteze asubuhi nilizopoteza mimi.

Wazo lenyewe ni hivi: ni foto mbili ndani ya foto moja. Shata, yani mlango wa mwanga ndani ya apareyi, ikifunguka robo ya sekunde, ule mwanga kidogo wa alfajiri unaandika kila kinachotembea kama moshi. Halafu ndani ya hiyo robo flashi inawaka mara moja, na kwa nguvu ndogo inawaka muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi chochote inachokigusa kinaganda pale pale. Kasi ya shata inatawala mwanga wa mbingu tu, flashi haijali shata inakaa wazi muda gani. Nguvu ya flashi na umbali wake vinatawala ile sehemu iliyoganda. Diafragma, yani tundu la lensi (ndiyo ile namba ya f), na ISO, yani wepesi wa apareyi kushika mwanga, vinagusa zote mbili. Ukishika hii tu, mengine yote utajitafutia mwenyewe.

Vifaa: Canon 600D niliyokuwa nayo, lensi yake ya kawaida, flashi Yongnuo YN560 IV ya mkono wa pili dola 55, rimoti yake ya redio dola 18, betri 8 za kuchaji pamoja na chaja dola 22. Stendi nimechomeshewa na fundi wa vyuma Katuba, dola 12, nzito, haianguki upepo ukija. Karatasi ya ruhusa ya kupiga foto barabarani dola 10, msiende bila karatasi, mtapoteza asubuhi nzima mnajieleza.

Jumamosi 15 Juni: asubuhi ya kwanza

Baridi ya Juni mnaijua. Tulifika na mdogo wangu saa kumi na moja na nusu, kaza koti, mbele ya mtaa wa Ruashi pale njia inapopanda kidogo na wasukumaji wanapunguza mwendo. Jua wakati huu linatoka kama saa kumi na mbili na nusu. Nimejifunza leo kwamba wakati wa kufanya kazi ni dakika 15 tu, toka saa kumi na mbili na dakika tano mpaka na ishirini. Kabla ya hapo giza ni nyingi hakuna mchirizi, baada ya hapo mwanga wa mbingu unashinda flashi na mtu anatoka na kivuli chake kimepita katikati ya mwili.

Nilianza na flashi ndogo ya juu ya apareyi nikisema nijaribu kwanza. Foto 40, hakuna hata moja.

Kwanza vumbi. Kiangazi njia yote ni vumbi jekundu linaelea hewani hata kama hulioni, na flashi ikikaa karibu na lensi inapiga ile vumbi ya mbele ya lensi na kuirudisha, foto nzima imejaa madoa meupe kama theluji. Pili, nilikuwa nimeacha apareyi ijipimie nguvu yenyewe. Uso mweusi wenye vumbi la makala, nyuma giza, apareyi inaona weusi mtupu inadhani lazima ijaze mwanga, basi ikamwaga, na nyuso zote zikatoka zimeungua, hazina macho wala mikunjo. Mtu mweusi usiku usimwachie apareyi akupimie. Weka nguvu kwa mkono, piga moja, tazama kioo, rekebisha.

Kitu cha tatu nilikiona kwa watu sio kwa foto: flashi ikijipimia inawaka mara mbili, ya kwanza ndogo ya kupima, ya pili ndio yenyewe, na mimi nilikuwa nimeiweka iwake mwisho wa robo ya sekunde. Watu walikuwa wanaona ile ya kwanza wanafumba macho, halafu ya pili inawakuta wamefumba.

Jumatano 26 Juni: pazia la pili

Hapa nilipoteza asubuhi tatu kwa hiyo naandika polepole.

Nimetoa flashi kwenye apareyi, iko kwenye stendi kando ya njia, inawashwa na rimoti. Vumbi ya mbele ya lensi imekwisha mara moja, hakuna doa. Nguvu naweka mwenyewe. Nyuso zimetoka nzuri. Lakini mchirizi unaenda mbele ya mtu! Mtu ameganda na mifuko yake halafu mbele yake kuna moshi mweupe, ni kama kinga inarudi kinyumenyume kwenda Kasenga.

Sababu yake: shata ina mapazia mawili, la kwanza linafungua, la pili linafunga. Kawaida flashi inawaka mara tu la kwanza likifunguka. Mtu anaganda mwanzoni, halafu anaendelea kutembea robo ya sekunde yote na mwanga wa alfajiri unaandika alikoenda. Ukitaka mchirizi ubaki nyuma lazima flashi iwake mwishoni, kabla tu pazia la pili halijafunga. Na mimi nilikuwa nimeichagua hiyo kwenye menyu! Ile flashi ndogo ya apareyi ilikuwa inafanya vizuri kabisa.

Nikabadilisha betri, nikabadilisha chaneli ya redio, nikafikiri rimoti inachelewa, kumbe hapana. Canon yangu inatuma ile habari ya pazia la pili kwa flashi inayozungumza nayo kwa pini zote za pale juu. Rimoti yangu ina pini moja ya katikati, na hiyo pini apareyi inaiwasha mwanzoni siku zote, hata uchague nini kwenye menyu. Menyu haikwambii. Kwa hiyo kabla hujanunua rimoti ya bei ndogo, washa tochi mkononi chumbani gizani, weka shata sekunde moja, pazia la pili, chezesha mkono uone flashi inawaka mwanzo au mwisho. Jaribio la dakika mbili.

Jumamosi 6 Julai: kuwasha kwa mkono

Tumepata njia ya muda. Rimoti imetoka juu ya apareyi iko mkononi mwa mdogo wangu, na ina kitufe cha kuwashia. Mimi naweka shata sekunde moja nzima, nabonyeza, yeye anahesabu moyoni anawasha flashi pale anaposikia shata inataka kufunga. Kwa robo ya sekunde haiwezekani, kidole cha mtu hakina mbio hiyo, lakini sekunde moja inaingia. Foto 30, kama 9 amewasha kwa wakati wake. Mchirizi uko nyuma. Nilifurahi sana ile asubuhi.

Lakini sekunde moja ina bei yake. Ili mbingu isiungue nilishusha mpaka ISO 100, f/8, na hapo flashi inatakiwa nguvu karibu yote. Hesabu yake ni rahisi, flashi ina namba yake, hii yangu wanasema 58 kwa ISO 100 ukivuta zumu yake mpaka 105, unagawa namba kwa diafragma unapata mita. 58 kwa 8 ni mita 7 na kidogo kwa nguvu yote, nusu ya nguvu ni mita 5. Na ile namba ya kiwandani ni ya matumaini, mimi natoa kidogo kila mara. Kwa nguvu hiyo flashi inachukua sekunde nyingi kujaa tena, na betri za baridi zinazidi kuchelewa, watu watatu wanapita inakuwa bado. Isitoshe flashi ikiwaka kwa nguvu yote haiwi fupi tena kama ile ya nguvu ndogo, ukingo wa mkono unaotembea unaanza kulainika.

Na siku hiyo nilikuwa nimeifunga nailoni ya pipi ya rangi ya chungwa mbele ya taa, nikitaka rangi ya joto. Imeyeyuka. Imeganda kwenye kioo cha flashi na nimeikwangua jioni yote kwa ukucha na spiriti kidogo. Rangi yoyote mtakayoweka iacheni nafasi ya kidole kimoja na taa, msiibane.

Alhamisi 18 Julai: mfuko umepasuka

Leo sikupiga foto nzuri na sitaki kuiruka siku hii.

Nilikuwa nimehamia upande wa chini wa mteremko. Juu huko wengine wanapanda kinga na kuachia iteremke, na mchirizi wake ni mrefu sana. Flashi niliiweka mbele yao, kando ya njia, inatazama wanakotoka, ili uso upate mwanga wote. Kwa foto ni sawa. Papa mmoja, yani mzee, akateremka na mifuko mine, mdogo wangu akawasha, na yule papa akapotea njia. Nilimuona anashika breki na mguu chini, kinga ikalala upande, mfuko wa juu ukapasuka na makala yakasambaa mpaka katikati ya lami, na nyuma kuna lori linakuja. Tulikimbia na tochi kulisimamisha. Halikumgusa.

Akakaa chini. Hakupiga kelele. Akasema, "Mulinipiga na mwangaza mu macho, batoto. Niko natembea na giza tangu usiku, macho yangu imezoea giza. Sikuona tena njia. Niliona tu weupe."

Nikamwomba msamaha, nikamwita papa, sikujua niongeze nini. Tukaokota naye makala yote mpaka vipande vidogo, nikalipa mfuko, franka 45,000, akataka kukataa nusu yake nikamwambia hapana. Alikuwa ametoka porini saa za usiku wa manane na macho yake yalikuwa yamefunguka kabisa kwa giza, na jicho la namna hiyo flashi ya nguvu yote inalichoma, na kurudi kuona vizuri inachukua dakika nyingi sio sekunde. Hiyo nilikuwa naijua. Niliisoma zamani. Nilikuwa nimefikiria mwanga unaingia wapi kwenye foto na sikufikiria unaingia wapi kwenye kichwa cha mtu anayeteremka mlima na mzigo wa mifuko mine.

Kazi imesimama.

Jumapili 28 Julai: bila apareyi

Nimeenda mara tatu njiani asubuhi bila apareyi. Nimekaa nao pale wanapopumzika, wananunua chai na mkate, tumezungumza. Nilimtafuta yule papa nikampata siku ya pili.

Wakati huo nilikuwa nasoma habari za Jacob Riis, mwandishi wa gazeti mzaliwa wa Denmark aliyeishi New York. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Miethe na Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu unaowaka kwa mara moja, na Riis alipousikia akautumia kuingia usiku kwenye vyumba vya maskini, watu wamelala wamebanana, anawasha, anapiga foto, anatoka kabla hawajaelewa ni nini. Foto zake zilisaidia kubadilisha hali ya zile nyumba, hiyo ni kweli. Na yeye mwenyewe aliandika kwamba aliwahi kuwasha moto ndani ya nyumba kwa ule unga. Nilizitazama zile nyuso zake tena baada ya mfuko kupasuka, macho yale yaliyotoka nje, na zamani nilikuwa naona umaskini tu ndani yake, sa hivi naona pia mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Papa akaniambia kitu kimoja ambacho kimegeuza mradi wote: "Shiye hatuogope foto. Tunaogopa malori. Ile lori haituone." Kinga zao hazina taa ya nyuma hata moja. Mbele wengine wana tochi ya kichwani, nyuma hakuna, na mifuko imefunika kila kitu.

Basi nimenunua sokoni taa ndogo nyekundu za baiskeli, 20, dola 2 kila moja. Nitakayempiga foto anapata taa, na franka 5,000, na foto iliyochapwa. Na hakuna atakayepigwa bila kuambiwa na kuonyeshwa flashi kwanza akiwa amesimama.

Jumamosi 10 Agosti: mahali pa flashi

Kabla ya kurudi kwa watu nimesukuma kinga mimi mwenyewe, gizani, mifuko miwili ya mchanga nyuma, na mdogo wangu ananiwashia flashi toka pande zote. Kila mtu anayetaka kupiga watu wanaotembea usiku afanye hivi kwanza. Toka mbele sikuona kitu kabisa, nilisimama. Toka mbele kwa pembeni bado duara la kijani linabaki jichoni. Toka pembeni kabisa na nyuma kidogo ya bega, juu, mita mbili na nusu toka chini, niliona njia imewaka mbele yangu kama radi ya mbali, basi, nikaendelea kutembea. Hapo ndipo itakaa. Na kwa mahali hapo wanaokuja nyuma wanaona mgongo wa flashi, haiwapigi.

Cha kushangaza, foto pia zimekuwa nzuri zaidi. Mwanga wa mbele ulikuwa unalaza uso kama karatasi. Huu wa pembeni unapiga shavu na sikio na mishipa ya mkono unaoshika usukani, upande mwingine unabaki giza, na jasho linang'aa. Tena ile vumbi iliyonisumbua Juni sasa inapigwa toka nyuma yake na inawaka nyekundu kuzunguka miguu ya mtu. Vumbi ile ile! Imebadilika mahali pa taa tu.

Pazia la pili nalo limekwisha kupata dawa. Yaya mmoja, yani mkubwa wangu, anayepiga foto za ndoa ameniazima Nikon D7000 yake kila Jumamosi asubuhi, na mimi namsaidia kubeba taa zake mchana. Kwenye Nikon pazia la nyuma linaamuliwa na apareyi yenyewe, na hata rimoti ya pini moja inawashwa mwishoni. Tumeachana na kidole. Tumerudi robo ya sekunde, ISO 400, f/5.6, flashi nguvu ndogo, inajaa tena haraka sana, na kwa nguvu hiyo ndogo hata jicho haliumii sana. Nawafuata kwa apareyi wanapopita, polepole kama wao wanavyokwenda, miti ya nyuma inageuka mistari.

Ya mteremkoni nimeacha. Napiga pale wanapopanda tu.

Jumamosi 24 Agosti: mifuko meupe

Tatizo jipya. Mifuko ya makala ni ile ya plastiki ya unga, meupe, na kwa sababu flashi sasa iko nyuma kidogo, mifuko iko karibu nayo kuliko uso. Nilipima kwa hatua: mifuko mita 2 na nusu, uso mita 3 na nusu. Mwanga unapungua kwa umbali mara umbali, kwa hiyo mifuko inapata karibu mara mbili ya uso, na juu ya hayo ni meupe na uso ni mweusi. Kwenye foto mifuko ni shimo jeupe na mtu amepotea ndani yake.

Dawa mbili pamoja. Nimerudisha stendi mpaka mita 5 toka kwenye mifuko, uso ukawa mita 6, na hapo tofauti inabaki chini ya mara moja na nusu, flashi nikaipandisha kidogo mpaka moja ya nane. Halafu kipande cha karatoni nimekifunga kwa raba pembeni ya taa, upande wa mifuko, kirefu kama kiganja, kinakata ule mwanga usifike nyuma. Kukipata mahali pake ilichukua asubuhi mbili, kikiwa kirefu sana kinakata mpaka bega. Mifuko sasa inaandikwa na mwanga wa alfajiri tu, kijivu, laini, inavutika, na mtu anabaki mwenyewe mbele yake amekatwa safi. Ndivyo nilivyotaka toka Juni.

Zile taa nyekundu: zina namna mbili, kuwaka moja kwa moja na kupepesa. Ikipepesa inaacha vidoti kwenye foto badala ya mstari. Kwa foto tunaiweka iwake moja kwa moja, tukimaliza tunarudisha kupepesa kwa sababu dereva wa lori anaiona haraka zaidi.

Jumapili 8 Septemba: rangi

Mtu aliyekuja toka Johannesburg ameniletea karatasi za rangi za kweli za flashi, dola 8. Nailoni ya pipi hata bila kuyeyuka ilikuwa inageuza ngozi kuwa manjano ya mgonjwa.

Namna yake: rangi ya chungwa mbele ya flashi, halafu apareyi unaiambia kwamba iko chini ya taa ya balbu, kama kelvini 3200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Apareyi inaongeza bluu kila mahali ili kusahihisha chungwa. Pale flashi inapogusa, chungwa na bluu zinafutana na ngozi inatoka rangi yake. Pale flashi haifiki, hakuna cha kufuta, na mbingu ya L'shi yenye moshi wa moto wa porini inatoka bluu nzito kabisa. Ule moshi wa Agosti na Septemba ambao mchana unafanya kila kitu kijivu, hapa unasaidia.

Angalizo: ile karatasi inakula mwanga, karibu nusu ya flashi inaishia pale. Kutoka moja ya nane nimepanda moja ya nne. Na jua sasa linatoka mapema, saa kumi na mbili hivi, dakika zetu 15 zimehamia saa kumi na moja na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo tunaamka usiku kabisa.

Siku moja umeme ulikatika usiku kucha betri hazikuchajiwa. Toka hapo nachaji Alhamisi.

Jumamosi 21 Septemba: zilizotoka

Nimepiga watu 24. Foto 640 na zaidi kidogo, zilizobaki mezani 11. Katika hizo 11, tisa ni za baada ya 10 Agosti.

Gharama bila apareyi: vifaa vyote nilivyotaja juu dola 107, karatasi za rangi 8, karatasi ya ruhusa 10, taa nyekundu 40, mfuko wa papa karibu 16, franka 5,000 kwa watu 24 ni kama dola 43, kuchapa foto 24 dola 36, moto (pikipiki) za asubuhi kama 40. Dola 300. Ningelijua mambo ya pazia na ya mahali pa taa toka mwanzo, asubuhi 8 hivi zingebaki kitandani. Taa zilikuwa 20 na watu 24, wanne bado wananidai, nitawanunulia wiki hii.

Kwa anayetaka kunakili, aanzie hapa na sio nilipoanzia mimi: ISO 400, f/5.6, robo ya sekunde, pazia la pili, flashi zumu 105 juu ya stendi mita mbili na nusu, pembeni na nyuma ya bega, nguvu moja ya nane bila rangi, moja ya nne na rangi, karatoni upande wa mzigo. Nusu saa kabla ya jua uwe umeshapima kila kitu. Mtu wa kukusaidia asimame kule wanakotoka awaambie wanaokuja.

Leo tumegawa foto pale pale kwenye chai. Waliangalia kwa muda mrefu. Kijana mmoja aliuliza kwa nini mifuko yake ina moshi, mwenzake akamjibu kabla yangu, "Njo vile unapita, mulunda. Unapita mbio." Mama wa chai alitaka yake pia, akiwa anamimina, na mvuke uwake. Hiyo naiona tayari kichwani, flashi nyuma ya birika, nguvu ndogo sana.

Papa wa mfuko alipokea yake, akaigeuza, akasema ni nzuri. Halafu akaniomba ingine. Anataka moja amesimama, kinga imesimama, mifuko yote mine imefungwa vizuri na kamba zinaonekana, bila mchirizi, ya kutundika nyumbani watoto wamuone vizuri. Tumepanga Jumamosi ijayo, saa kumi na moja na nusu, kabla hajauza mfuko hata mmoja.